Chinchila Anahamia Moshi: Barua za Wasomaji Kuhusu Joto

Kila mwaka, mvua za vuli zikishakata na masika yakiwa bado hayajabisha hodi, barua zinazoletwa kwenye safu hii hubadilika sura. Minyoo na chanjo huwekwa kando, na kila wa pili anaandika habari za mnyama aliyekutwa amelala ubavu saa tisa alasiri. Safari hii nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu inahusu mnyama ambaye wasomaji wengi hawajapata kumwona, naye ndiye anayetufundisha habari ya joto kuliko wote tunaowafuga.

Mlima si uko pale pale?

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Njiro, Arusha. Mwaka juzi mwalimu mwenzangu kutoka Ulaya alimaliza mkataba wake akaniachia chinchila wawili, majike ndugu. Wanakaa katika kizimba cha nyavu sebuleni na hawajawahi kuugua. Sasa mume wangu amehamishiwa Moshi, na tunatakiwa kuhama mwishoni mwa Januari. Nyumba tuliyopata iko Majengo, ina vyumba vitatu na sebule, paa ni la bati, na dari ipo upande wa vyumba tu. Watu wananitisha kwamba joto la Moshi litawaua. Mama mkwe anasema nisihangaike, maana mlima wenye theluji uko pale pale. Nani ana haki, na nifanye nini kabla ya kuhama?*

Dada mwalimu, wanaokutisha wana haki, na mama mkwe, kwa heshima zote, ameutazama mlima kileleni akasahau kuutazama miguuni. Theluji iko Kibo, juu ya mita 5,000. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na Arusha unayoihama iko karibu mita 1,400. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazoteremka, kwa hiyo safari ya kilomita 80 kutoka Arusha itawaongezea wanyama wako nyuzi 3 kabla hata hatujahesabu bati. Februari, mchana wa Moshi hupita nyuzi 30 bila taabu yoyote.

Niwaeleze kidogo wale ambao hawajamwona. Chinchila ni mgugunaji mwenye uzito wa gramu 400 hadi 600, masikio makubwa ya duara na mkia wa manyoya, na kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Leo wa porini wamebaki wachache, wengi wao nchini Chile, kwa sababu waliwindwa mno kwa ajili ya ngozi, na ukimshika mara moja utaelewa kilichowaponza. Katika kitundu kimoja cha ngozi ambamo mimi na wewe tunaotesha unywele mmoja au michache, yeye huotesha 60 hivi. Manyoya hayo yamesongamana kiasi kwamba ukiyapuliza huoni ngozi kwa urahisi.

Koti la namna hiyo ni neema usiku wa mlimani penye barafu, lakini ni balaa Majengo saa nane mchana. Wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro tunawajua: akifika getini mtu huvua koti, akalifunga kiunoni, akanunua maji, akatoka jasho, mwili ukapoa. Chinchila hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Koti havui, jasho hana, na kuhema kwake kwa mdomo, tofauti na mbwa, hakumsaidii sana. Njia kubwa aliyo nayo ya kutoa joto ni masikio, ambayo ngozi yake ni nyembamba na mishipa yake iko karibu na nje. Hewa inayomzunguka ikishakuwa na joto, hata masikio hayo hayana pa kulipeleka.

Nyuzi 16 hadi 21 ndizo zinazomfaa. Nyuzi 24 anazivumilia. Ukifika 26 uko mlangoni pa hatari, na kukiwa na unyevunyevu mlango huo uko karibu zaidi. Wafugaji wa Marekani wana hesabu yao ya kienyeji: wanachukua nyuzi za Farenhaiti wanazijumlisha na asilimia ya unyevu wa hewa, na jumla ikifika 150 wanajua mnyama yuko matatani. Kwa sisi tunaotumia Selsiasi, zidisha kwa 1.8 kisha ongeza 32. Chumba cha nyuzi 26 chenye unyevu wa asilimia 75 kinakupa 154, na hapo hakuna cha kusubiri. Lakini nakuonya kuhusu hesabu hiyo kwa mji wetu. Mchana mkavu wa Februari unaweza kukuta nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 40, ukajumlisha ukapata 124, ukatulia, kumbe mnyama anaungua. Kwa hiyo tazama nyuzi kwanza, na hesabu ya unyevu uiache kwa siku za mawingu mazito ya Machi na Aprili.

Kazi yako ya kwanza, kabla ya kufunga hata sanduku moja, ni kununua kipimajoto cha chumba kinachoonyesha pia unyevu, kisha umwombe mume wako, ambaye naamini atatangulia kupokea nyumba, akiweke katika kila chumba kwa siku mbili mbili. Asikitundike ukutani juu kama saa. Akiweke kwenye kimo ambacho kizimba kitakaa, na aandike kwenye daftari kinachosomeka saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Hiyo ya saa kumi na moja watu wengi huiruka kwa kuwa jua linaelekea kuzama, nami nasisitiza isirukwe, kwa sababu ukuta wa matofali ya saruji ulioota jua tangu adhuhuri huanza kulirudisha joto ndani wakati huohuo, na kuna nyumba ambazo chumba huwa moto zaidi magharibi kuliko mchana.

Hata kabla ya kipimo ninaweza kukuambia kwamba sebule yako haifai. Bati bila dari ni jiko. Tafuta chumba chenye dari, ambacho ukuta wake wa nje hautazami magharibi, na kama nje pana mwembe au mparachichi unaokitia kivuli, hicho ndicho. Sakafu ya vigae au saruji iliyosuguliwa ni bora kuliko zulia. Kizimba kikae chini au karibu na sakafu, mbali na dirisha, na ghorofa ya juu ya kizimba uifunge kwa miezi hii, maana hewa ya moto hupanda, na chinchila naye, kwa tabia yake ya milimani, hupenda kupanda.

Kuhusu madirisha, wengi hufanya kinyume: wanayafungua mchana kutwa na kuyafunga usiku. Moshi ina bahati moja ambayo miji mingine ya joto haina. Usiku mlima hupoa, na hewa yake baridi huteremka polepole kupitia mabondeni hadi mjini. Yeyote aliyelala Moshi dirisha la upande wa kaskazini likiwa wazi anaijua hewa hiyo ya alfajiri. Ikaribishe. Fungua madirisha yote yenye wavu wa mbu kuanzia saa tatu usiku, uache nyumba ipumue hadi alfajiri, kisha ifikapo saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla jua halijashika kasi, funga madirisha ya chumba cha wanyama na uteremshe pazia zito. Umeufungia usiku ndani. Ukuta uliopoa utakuchukua hadi saa sita, pengine saa saba.

Saa saba hadi saa moja jioni ndipo penye vita. Nenda kwa fundi wa vigae umwombe mabaki, vipande vinne au sita visivyo na ncha kali, uvioshe, uweke viwili kizimbani na vingine kwenye friji, uvibadilishane kila baada ya saa mbili. Wale niliowahi kuwatazama mimi, kwa mgeni mmoja huko Arusha, walikuwa wanajinyosha juu ya kigae kama watu waliomaliza kulima, tumbo chini na miguu ya nyuma imeachwa kule. Ukiona hivyo, ujue wamekipenda. Pili, jaza maji robo tatu katika chupa za lita moja na nusu, usijaze pomoni kwa sababu barafu hutanuka, uzigandishe, kisha uzifunge kwa taulo na kuziegemeza kizimbani kwa nje. Nasema kwa nje kwa sababu meno ya chinchila hayaachi kukua maisha yake yote, na plastiki ikiingia kizimbani itaguguniwa na kumezwa. Tatu, maji ya kunywa yabadilishwe mchana, na chupa ya kunyweshea iwe zaidi ya moja, maana kile kichuma cha mdomoni huziba siku mbaya kuliko zote.

Taulo bichi juu ya kizimba siliungi mkono. Linapoza kidogo na linaongeza unyevu mwingi. Tikiti maji nalo, ambalo najua utashauriwa, liache mezani kwenu: tumbo la mnyama huyu limeumbwa kwa nyasi kavu, na tunda lenye maji na sukari litamletea gesi na kuhara, ukawa na magonjwa mawili badala ya moja. Michezo nje ya kizimba na kuoga vumbi lake vihamishie saa nne usiku. Hata hivyo ndio muda wake, yeye ni mnyama wa jioni na usiku, na ukimwamsha acheze mchana ili wageni wamwone unamwongezea joto la misuli juu ya joto la bati.

Sasa niseme lile ambalo huenda hutaki kulisikia. Yote niliyoyaeleza yanaweza kukushushia nyuzi 3 au 4. Kama daftari la mume wako litaonyesha kwamba chumba baridi kuliko vyote kinasimama kwenye nyuzi 30 saa kumi na moja jioni, vigae na chupa havitatosha, na hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kiyoyozi katika chumba kimoja kidogo, pamoja na mpango wa siku umeme utakapokatika, yaani chupa zako zilizoganda ziwepo kwenye friza wakati wote hata kama kiyoyozi kinafanya kazi, na awepo mtu nyumbani mchana anayejua la kufanya. Ya pili ni kuwaacha Arusha kwa mtu unayemwamini, au kuwapeleka kwa ndugu walioko juu mlimani, Kibosho au Marangu, hadi Juni baridi itakapoingia, na kuwarudisha huko kila Desemba. Kama ningekuwa mimi, na sina uwezo wa kiyoyozi, ningechagua ya pili bila kuona aibu. Chinchila akitunzwa huishi zaidi ya miaka 10, na wako wanaofika 20, kwa hiyo unapanga kwa Februari nyingi zijazo.

Kuhusu safari yenyewe, kuna kisa kinachonijia kila ninapoulizwa. Wengi wa chinchila wanaofugwa Marekani leo asili yao ni kundi dogo sana, wanyama 11, ambao mhandisi wa migodi aitwaye Mathias Chapman aliwasafirisha kutoka Chile hadi California mwaka 1923. Hakuwabeba akakimbia nao bandarini. Aliwateremsha kutoka milimani polepole mno, akiwazoesha hewa ya chini hatua kwa hatua, na njiani vizimba vyao vilipozwa kwa barafu. Nawe unateremka mita 500, si nyingi kama zake, lakini unapita tambarare ya karibu na uwanja wa ndege wa KIA na Boma Ng'ombe, ambako jua la saa sita halina mzaha. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Panda gari dogo la kukodi, wanyama wakae kwenye kiti pamoja nawe, kizimba kidogo cha safari kikiwa na chupa moja iliyoganda iliyofungwa taulo pembeni. Basi la abiria silikushauri, na buti la gari lolote nalikataza. Dereva akitaka kusimama kunywa chai, mwambie mtakunywa Moshi.

Maji ya friji yalimuua?

*Daktari, mimi ni mfugaji wa sungura, Pasua, Moshi. Nina sungura 14 katika banda la mbao lililoezekwa bati. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini saa kumi nikakuta wawili wamekufa na jike mmoja amelala ubavu anahema, pua imelowa. Nikachukua maji ya friji nikammwagia mwili mzima. Alitetemeka, akatulia, nikadhani amepona, baada ya nusu saa akafa. Jirani ananiambia maji ndiyo yaliyomuua. Ni kweli?*

Pole sana, kaka. Siwezi kusema kwa hakika kilichommaliza, kwa kuwa mnyama aliyefikia kulala ubavu mara nyingi ameshaharibika ndani, na huenda angekufa hata angeguswa na nani. Lakini maji ya friji hayakumsaidia, na inafaa kueleza kwa nini.

Joto la kawaida la mwili wa sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Likipita 40.5, damu hukimbilia masikioni na kwenye ngozi ili kutafuta upepo. Ukimwagia maji ya barafu ghafla, mishipa ile ya ngozi hujikaza kwa mshtuko, damu yenye joto inarudi ndani kwenye figo, utumbo na ubongo, mlango wa kutokea umefungwa. Kwa nje unamshika unamwona baridi, kumbe ndani bado anachemka.

Kinachotakiwa ni kupoza polepole. Mwondoe hapo alipo umpeleke kivulini au ndani penye sakafu baridi. Chukua maji ya kawaida ya bomba au ya mtungini, baridi kiasi lakini yasiyo ya friji, chovya kitambaa, pangusa masikio kwa nje bila kuingiza maji ndani ya sikio, kisha nyayo za miguu. Rudia. Mpepee kwa ubao au feni ndogo wakati masikio bado yana maji, hapo upepo una kazi ya kufanya. Kama anaweza kuinua kichwa mwekee maji karibu anywe mwenyewe, asimiminiwe mdomoni, kwa sababu mnyama asiye na nguvu huyavuta mapafuni. Masikio yakipungua moto na akianza kukaa kwa tumbo, acha kupoza, maana kupitiliza nako kunaua. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo hata kama anaonekana mzima, kwa sababu figo na utumbo vilivyopikwa kidogo hugoma kesho yake au kesho kutwa. Ukiona hali chakula na hatoi kinyesi kwa nusu siku, hiyo ni dharura ya pili.

Dada mwalimu wa Njiro naye asome hapa, kwa kuwa kwa chinchila utaratibu ni huohuo isipokuwa jambo moja: usimlowanishe manyoya. Yale manyoya yaliyosongamana yakilowa hayakauki kwa urahisi, hushika unyevu na kukaribisha ukungu wa ngozi. Kitambaa kibichi kiishie masikioni na nyayoni, basi. Dalili zake za awali ni masikio kuwa mekundu na ya moto, na mishipa yake kuonekana wazi. Kisha hulala amejinyosha asitake kusogea, mate yakamtoka, akahema mdomo wazi. Kuyumba na degedege ni hatua ya mwisho. Kwa kawaida joto la mwili wake ni nyuzi 37 au 38 tu, chini ya sungura, na akiwa amesimama wima kwa sikio jekundu ndiyo saa ya kumwokoa.

Sasa banda lako. Nami niliwahi kupoteza sungura sita kwa mchana mmoja, hapa hapa Moshi, katika miaka yangu ya mwanzo, nikiwa tayari nina cheti cha udaktari ukutani. Nilichagua mahali pa banda saa mbili asubuhi, pakiwa na kivuli kizuri cha nyumba ya jirani. Sikurudi kuangalia saa tisa. Kivuli kilishahama, banda liko kweupe, bati limewaka kiasi kwamba nilipoligusa niliondoa mkono. Tangu siku hiyo simshauri mtu mahali pa banda hadi nimepaona alasiri.

Bati usilitupe, lifunike. Tandika makuti au nyasi kavu unene wa shibiri moja juu yake, au inua paa la pili la nyasi juu ya lile la bati ukiacha nafasi ya kupitisha upepo katikati. Pande za banda zinazotazama kusini na kaskazini ziwe za wavu, na upande wa magharibi uzibe kwa mbao au uoteshe mpasheni upande juu ya wavu, utapata kivuli na matunda. Punguza idadi kwa kila kijumba. Ukiondoka asubuhi acha maji mara mbili ya unayoacha Julai, katika vyungu vya udongo badala ya makopo ya bati, na majike wenye mimba uwape kijumba cha chini, kwani wao ndio huanguka kwanza.

Feni inatosha?

*Naishi Tengeru, nina simbilisi wanane sebuleni. Nimewanunulia feni kubwa inazunguka kutwa. Bado nahitaji kitu kingine?*

Ndiyo. Feni inakupoza wewe kwa sababu una jasho la kukaushwa. Simbilisi, sungura na chinchila hawana, kwa hiyo feni inachowapelekea ni hewa ileile ya chumba kwa kasi zaidi, na hewa hiyo ikiwa na nyuzi 30 ni nyuzi 30 zenye mwendo. Ina faida ikivuta hewa baridi ya nje usiku, au ikipuliza kupitia chupa zilizoganda zilizopangwa mbele yake. Isiwaelekee wao moja kwa moja kutwa nzima, na waya wake uwe mbali na meno.

Dume halizalishi

*Dume langu la sungura lilikuwa hodari, lakini tangu joto lianze majike aliowapanda hawashiki mimba. Nilikuwa namfikiria kumchinja. Boma Ng'ombe.*

Mchinje kwa sababu nyingine, kaka, hii haitoshi. Joto la nyuzi 30 na zaidi likidumu siku kadhaa huharibu mbegu za dume hata kama yeye mwenyewe anakula na kuruka kama kawaida, na mbegu mpya huchukua hadi miezi miwili kukomaa. Mtafutie mahali baridi kuliko wote bandani, subiri hadi Juni, umjaribu tena. Wafugaji wanaojua hili huwapandisha wengi Juni hadi Septemba.

Nimnyoe?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Kijenge. Sungura wangu ana manyoya marefu sana kama pamba na sasa anahema haraka mchana. Kaka yangu anasema tumnyoe na mashine ya saluni. Naogopa.*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuogopa. Mashine ya saluni hapana, ngozi ya sungura ni nyembamba kama karatasi na huchanika, na akibaki uchi jua litamuunguza. Lakini sungura wa manyoya marefu, tofauti na chinchila ambaye hanyolewi kabisa, anaweza kupunguzwa. Kwanza mchane kila siku kwa kitana chenye meno mapana, utoe manyoya yaliyokufa, maana hayo ndiyo yanayombania joto, na utashangaa ukubwa wa bonge litakalotoka. Yakibaki marefu bado, mwambie mama akae kwenye kigoda amshike mapajani, nawe uingize kitana katikati ya manyoya na mwili, ukate yale yaliyo juu ya kitana tu, kwa mkasi wa ncha butu ule mnaotumia shuleni. Fanyeni asubuhi kabla ya jua. Tumboni na kwapani mwachie mama akate, na kaka yako mpe kazi ya kushika karoti.